Mwanangu anajichora mzungu: je, nichome vitabu vyake?

Swali

"Shikamoo mwalimu. Nina binti wa miaka mitano, yuko darasa la awali hapa Dodoma. Mwaka jana shemeji yangu alituletea boksi la vitabu vya picha vya Kiingereza, vile vya mitumba vinavyotoka Ulaya na Marekani. Mtoto anavipenda mno, kila usiku lazima tusome. Wiki iliyopita mwalimu wao aliwaambia wajichore. Wangu akachora uso wa waridi na nywele za njano hadi kiunoni. Nikamuuliza huyu nani, akasema 'mimi'. Nikamwambia mbona hamfanani, akajibu: 'Mama, watu wa kwenye vitabu ndio wako hivyo.' Kisha akashika kichwa chake, maana shuleni wananyoa, akasema yeye hana nywele. Sikulala. Baba yake anasema ni mambo ya watoto, nisikuze jambo. Jirani yangu, naye ni mwalimu, amesema nichome boksi zima, vitabu vinamharibu. Humo ndani kuna kimoja tu chenye watoto weusi, nacho ni kijiji, nyasi, simba na twiga. Vya hapa nimetafuta, nilivyopata ni vya shule na picha hazivutii. Nifanye nini? Na je, mwanangu anajichukia?"

Jibu

Marahaba, dada. Naanza na swali lako la mwisho maana ndilo lililokunyima usingizi. Kwa haya uliyoniandikia, simwoni mtoto anayejichukia. Namwona mtoto aliyeambiwa achore mtu, akachora mtu kwa namna anavyojua watu wa kwenye karatasi wanavyokuwa.

Ni miaka mingi sasa nazunguka madarasa ya awali ya mkoa huu, nikifundisha walimu na kuhariri vitabu vya hadithi. Kila ninapowaambia watoto wachore nyumbani kwao, napata nyumba ileile: paa la pembetatu, madirisha mawili yenye mapazia, na juu ya paa bomba la moshi. Bomba la moshi, Dodoma! Watoto hao wamelala tangu kuzaliwa kwenye nyumba za bati, na vijijini wengine wanayajua matembe yenye paa bapa la udongo, ambako moshi wa jikoni unatokea mlangoni. Hawazichukii nyumba zao. Wameokota mahali fulani kwamba nyumba ya kuchorwa ina bomba. Katika umri huu mtoto hachori alichokiona kwa macho yake. Anachora anavyojua kitu hicho "huchorwa", na ujuzi huo anautoa kwenye picha nyingine. Binti yako amekueleza mwenyewe vizuri kuliko nitakavyoweza: watu wa kwenye vitabu ndio wako hivyo. Ametaja kanuni. Hajasema anatamani kuwa hivyo.

Ila usimwambie mumeo kwamba ameshinda. Kanuni yenyewe ni mbovu, na mtoto akifika nayo darasa la tatu bila mtu kuigusa, inakuwa imeota mizizi.

Na wala binti yako si wa kwanza kuiona. Mwaka 1965 Mmarekani Nancy Larrick aliandika makala iliyoanza na swali la mtoto mweusi wa miaka mitano katika shule ya awali huko New York. Mtoto huyo alikuwa anatazama kitabu cha picha, akauliza kwa nini siku zote ni watoto wa kizungu. Miaka mitano, kama wako. Larrick aliangalia vitabu vya watoto 5,206 vilivyochapishwa kule kwa miaka mitatu, 1962 hadi 1964. Vilivyokuwa na mtu mweusi walau mmoja, kwenye maneno au kwenye picha, vilikuwa 349. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1985, kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kilianza kuhesabu waandishi na wachoraji: kati ya vitabu vipatavyo 2,500 vya mwaka ule, vilivyoandikwa au kuchorwa na watu weusi vilikuwa 18. Hali imebadilika kule tangu wakati huo, lakini mitumba huja na umri wake. Kitabu hutolewa msaada baada ya watoto wa kule kukimaliza na kukua. Boksi la shemeji yako limetoka kwenye ghala hilo, wala hakuna aliyekaa akapanga kumtukana mwanao.

Sasa, picha inafanyaje kazi kichwani? Unapomsomea usiku, wewe macho yako yako kwenye herufi. Yake yako kwenye picha. Leo jaribu kitu: kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, funga kitabu umuulize kulikuwa na nini. Atakutajia panya aliyejificha chini ya kiti, ambaye wewe hujamwona hata siku moja. Mtoto asiyejua kusoma herufi ni msomaji hodari wa picha, tena anasoma ukurasa mmoja mara thelathini kwa sababu anadai kitabu kilekile kila usiku. Kinachorudiwa namna hiyo kinageuka kuwa kawaida ya dunia. Lingekuwa jambo la kusemwa kwa maneno, kwamba "watu wa hadithini wana nywele za njano", ungelisikia ukalikanusha. Picha hailisemi, inalionyesha tu, na hakuna mtu mzima nyumbani anayesikia.

Jirani yako huenda amesikia habari za wanasesere, ndiyo maana anatafuta kiberiti. Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wanasaikolojia weusi wa Marekani, walichapisha mwaka 1947 matokeo ya watoto weusi 253 wa miaka mitatu hadi saba. Waliwawekea wanasesere wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Kama theluthi mbili ya watoto walimchagua mweupe wa kucheza naye. Kazi ya Kenneth Clark ilitajwa hata Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoharamisha kutenga watoto shuleni kwa rangi, mwaka 1954. Ni utafiti mzito, na mimi huufundisha. Lakini siuhamishi mzimamzima kuuleta Nkuhungu au Area D, mitaa yetu ya Dodoma. Wengi wa watoto wale waliishi chini ya sheria na desturi zilizowaambia kila asubuhi kwamba wao ni wa mlango wa nyuma. Binti yako akitoka nje, muuza duka anafanana naye, nesi anafanana naye, dereva wa bajaji, askari wa usalama barabarani, mbunge anayepita na gari la vioo vyeusi, wote wanafanana naye. Kitabu kwake ni kioo kimoja kati ya vingi. Hilo linakupa nafasi kubwa ambayo mama wa mtoto wa New York hakuwa nayo.

Nimesema kioo kwa makusudi. Rudine Sims Bishop, profesa wa fasihi ya watoto, aliandika mwaka 1990 kwamba kitabu huwa dirisha la kutazama maisha ya wengine, huwa mlango wa kuingia humo kwa mawazo, na mwanga ukikaa vizuri dirisha hilohilo hugeuka kioo, ukajiona. Boksi lako ni madirisha matupu. Madirisha si mabaya, tena mtoto wa Dodoma ana haki ya kujua theluji ni nini. Tabu ni nyumba yenye madirisha ishirini na kioo hakuna, au kioo kilichopo kimepinda.

Na hapa nakuja kwenye kitabu chako cha simba, ambacho wengi wangekwambia ndicho dawa kwa sababu kina watoto weusi. Mimi sikubali. Rangi ya uso ni jambo la kwanza tu kuangalia. La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni nani anatenda na nani anatendewa. Chukua kitabu hicho ukisome bila maneno. Nani anapata wazo? Nani anakosea kisha anatengeneza? Nani ana jina? Vingi vya aina hiyo nilivyokutana navyo, mtoto mweusi anasimama kando ya twiga kama pambo, hana wazo lolote kuanzia jalada hadi jalada. Chimamanda Ngozi Adichie ameeleza kwamba alipoanza kuandika hadithi akiwa mtoto Nigeria, wahusika wake walikuwa wazungu wenye macho ya bluu, wanacheza kwenye theluji na kula matufaha, kwa sababu vitabu alivyosoma vilikuwa hivyo. Hakuanguka kwa kuwasoma. Alikuja kupata vitabu vya Waafrika wenzake, akaona kumbe na watu kama yeye wanaweza kuwemo hadithini. Angalia neno "kuwemo": ndani ya hadithi, mwenye shughuli yake, si pembeni ya picha.

Nisiwaseme wazungu peke yao. Nilihariri wakati fulani hadithi ya mtoto anayekwenda mtoni kuteka maji. Mchoraji alikuwa mtu wa pwani. Akachora mto wa bluu uliojaa, na ukingoni minazi miwili imeinama vizuri. Nikapitisha. Mimi, niliyekulia Mvumi, hukuhuku Dodoma, nikatia saini. Kitabu kilipotoka nikaenda kukisoma katika shule moja wilayani Chamwino, mwezi wa tisa, vumbi tupu. Mtoto mmoja wa kike akaja mbele, akaweka kidole kwenye ile bluu, akauliza, "Mwalimu, na mto uko wapi?" Nikamwambia ndio huu. Akanitazama kwa huruma. Mto anaoujua yeye ni korongo la mchanga. Unachimba shimo kwa mikono, unakaa unasubiri maji yajikusanye, unayateka kidogokidogo kwa kata, na punda anasubiri nyuma yako. Kitabu chetu cha Kiswahili, kilichoandikwa na Mtanzania, kuchorwa na Mtanzania na kuhaririwa na Mgogo, kilikuwa dirisha kwa mtoto yule kama vile cha theluji kwa binti yako. Kilipochapishwa tena tukachora mchanga, shimo, na mtoto amepiga magoti. Ukurasa huo sasa una alama za vidole nyingi kuliko kurasa zote.

Kwa hiyo unapotafuta vitabu vya hapa, vitazame kwa jicho kali vilevile. Mama kila ukurasa yuko jikoni? Dada wa kazi ana jina, au ni mkono tu unaoleta chai? Mtoto mwenye ualbino, asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu yumo akicheza, au anatokea tu kwenye kitabu cha "tuwahurumie"? Tuko jirani na Buigiri, penye shule ya wasioona ya miaka na miaka, lakini mtoto asiyeona anayefanya utundu kama wenzake nimemkuta hadithini mara chache kuliko fisi anayezungumza.

Fisi wamenikumbusha. Kuna atakayekwambia umpe hadithi za sungura na fisi, hazina rangi, mambo yameisha. Mpe, ni zetu na ni tamu. Ila zisibebe mzigo wote. Kituo kile cha Wisconsin kilipotazama vitabu vya mwaka 2018, wanyama na vitu visivyo watu walishika asilimia 27 ya wahusika, watoto weusi asilimia 10. Mnyama anaweza kuwa njia ya mwandishi kukwepa swali.

Sasa nikuulize jambo, nawe usikasirike. Nyumbani kwenu, mtoto mchanga akizaliwa mweupe, watu husemaje? "Kazuri, keupe kama kazungu." Na akizaliwa mweusi ti? Kuna shangazi anayepaka mkorogo, uso maji ya kunde na vidole vyeusi viungoni? Nauliza kwa sababu nimeona wazazi wanatupa vitabu na kubakisha maneno hayo. Sentensi moja ya bibi anayependwa ina nguvu kuliko boksi zima la vitabu vya kigeni. Kama yapo kwenu, anza hapo, kimyakimya, kwa kuzungumza na wakubwa wakati mtoto hayupo.

Na rangi zenyewe. Walimu wengi huita ile penseli ya waridi "rangi ya ngozi". Hata kampuni ya Crayola ya Marekani iliwahi kuuza rangi iliyoitwa "Flesh", yaani rangi ya mwili wa binadamu, ikaibadilisha jina mwaka 1962 na kuiita pichi, tunda. Sisi bado tunasema rangi ya ngozi, tena kwenye darasa lisilo na hata mtoto mmoja mwenye ngozi hiyo. Mwombe mwalimu wake, kwa upole, aiite waridi. Halafu nyumbani fanyeni hivi: mkono wako, wa baba yake na wake, yote mitatu juu ya karatasi nyeupe. Mpe kahawia, nyekundu, njano na nyeusi, mwambie atafute mkono wa kila mmoja kwa kuchanganya. Kahawia peke yake hukataa, inabidi aongeze nyekundu kidogo kwa baba, njano kidogo kwako. Atakaa hapo nusu saa. Usimpe mhadhara wowote, mwache agundue kwamba rangi zenu ni tatu tofauti.

Nywele ni rahisi kuliko unavyodhani. Usimwambie "usijali, nywele si kitu", maana kwake ni kitu. Mwambie anazo, zimenyolewa, zinaota kila siku. Mwonyeshe picha yake kwenye simu, ya kabla ya kuanza shule. Na kama una uwezo wa kuchora hata kidogo, mchoree shujaa mwenye kipara cha shule, yunifomu na masikio makubwa. Nashangaa wachoraji wetu wengi wanavyowawekea wasichana vibanio na utepe wakati wasichana wengi wanaosomewa vitabu hivyo wamenyolewa.

Kuhusu vitabu vya hapa, uchache wake una sababu. Picha za rangi zote ni ghali kuchapa, na ukichapa nakala chache kila nakala inapanda bei; mnunuzi wa uhakika ni shule, na shule inataka cha mtihani. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulisaidia kwa kununua sehemu ya nakala na kuzigawa shuleni ili mchapishaji asiogope, na vitabu vingi vizuri vilizaliwa hivyo. Ukienda dukani usiulize "vitabu vya watoto" tu, utaletewa vya kiada. Sema unataka vitabu vya hadithi vyenye picha. Taja wachapishaji kama Mkuki na Nyota au Readit, kama dukani hawana waulize iwapo wanaweza kuagiza. Pitia pia maktaba ya mkoa, sehemu ya watoto. Kuazima kabla ya kununua kutakuokolea fedha.

Njia ambayo ningeanza nayo kama ningekuwa wewe ni simu yako. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, una hadithi za picha nyingi mtandaoni kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, bure, na leseni yake inaruhusu kuchapa na hata kubadilisha maneno. Nikuambie ukweli: ubora wake haulingani. Nyingine zimetafsiriwa kwa Kiswahili cha kukwaruza, soma kwanza peke yako. Ukipata tatu nzuri, peleka steshenari wakutolee, hata nyeusi na nyeupe, na mtoto apake rangi mwenyewe. Ile karatasi isiyo na rangi, kwa shida yako wewe, ni faida.

Kisha mtengenezee kimoja kinachomhusu yeye. Karatasi sita za manila, zikunje, zishone katikati kwa uzi. Ukurasa mmoja, picha moja, sentensi moja. Asiwe anapendeza tu humo, awe na shida ya kutatua: mbuzi wa bibi amevunja kamba akaingia shamba la zabibu la jirani, na yeye ndiye anayejua mbuzi huyo anapenda maganda ya viazi. Baba yake achore mbuzi. Achore vibaya, hakuna ubaya, mbuzi mbaya anachekesha zaidi. Itakuwa njia nzuri ya kumwingiza kwenye jambo hili bila kubishana naye tena.

Kuna dalili ambazo zikionekana, maelezo yangu ya karatasini hayatoshi. Akijisugua ngozi kwa jiki, sabuni au jiwe ili "awe mweupe". Akipaka mafuta ya shangazi kwa siri, maana baadhi ya mikorogo ina zebaki na inadhuru. Akikataa shule kwa sababu anaitwa majina ya rangi au nywele. Akirudia kusema yeye ni mbaya, hapendwi, kwa majuma, huku chakula au usingizi umebadilika. Hapo anza na mwalimu wa darasa ana kwa ana, umuulize nani anamtania na nini kimefanyika. Kisha afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, na hospitali ya rufaa ya mkoa, uulize huduma ya afya ya akili kwa watoto. Namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure kupiga. Kama ameshajichubua au amepaka dawa, usianze na ustawi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usichome boksi. Mtoto akiona kitabu anachokipenda kinaungua atajifunza mambo mawili, kwamba vitabu vinachomwa na kwamba alichokipenda kilikuwa kosa lake. Chagua vile saba au vinane anavyovidai kila usiku, vibaki. Vingine vigawe au vifiche, aviulizie mwenyewe kama atavikumbuka. Kila usiku kiwe kimoja cha dirisha na kimoja cha kioo, na usiku mwingine muulize, kama mzaha, huyu wa nywele za njano angekuja Dodoma mwezi wa kumi angevaa hilo koti? Kile cha simba kiweke juu ya kabati hadi atimize miaka saba au minane. Wakati huo kishushe, kisomeni pamoja, umwombe akuonyeshe mchoraji alikosea wapi. Umpe na penseli.